Uji Ulioenguliwa Utando

Mpishi wa chekechea nilikofundisha hakuhitaji daktari, kwani vipimo vyote vilikuwa kwenye mwiko wake. Aliuonja uji mara tatu, akafumba jicho moja, kisha akatangaza kwamba aliyeharisha jana anaota meno, hata kama ana miaka mitano, na aliyevimbiwa anadeka tu. Orodha ya watoto wenye mzio niliyoibandika ukutani aliitunza vyema: aliitundikia aproni juu yake, isije ikashika masizi. Siku moja alimpelekea kikombe cha uji mweupe binti ambaye maziwa humvimbisha midomo na kumbana pumzi.

“Mama, huu una maziwa?” niliuliza, nikikizuia kikombe.

“Yamo, mwalimu, lakini utando nimeuengua wote. Hayana nguvu tena.”

“Na koo likimziba?”

“Nimelea saba, hakuna aliyekabwa na uji!”

Nilipokataa kukiachia, alininyang'anya, akaunywa uji wote mbele ya mtoto, akajifuta midomo na kutuuliza kwa ushindi, “Haya, nani amekufa?”

Binti, mwenye njaa na adabu zake, akamjibu, “Bado, bibi.”