Boya Limekunywa

Sikulazimishi uamini. Mimi mwenyewe ningesimuliwa kijiweni ningemwambia msimuliaji apunguze kunywa ulanzi. Lakini hili lilinikuta mimi, jua halijazama, akili zangu timamu, nikiwa kwenye usukani wa gari langu mwenyewe. Na shahidi yupo, mzima wa afya.

Mimi ni dereva, Mmatengo wa Mbinga. Mwezi wa sita nilipeleka abiria Ngumbo, kule ziwani, na nilipotaka kugeuza nikaletewa mgonjwa. Binti mjamzito, Tekla, uchungu umemshika tangu jana na mtoto hatoki. Zahanati wamesema awahishwe hospitali Mbinga akapasuliwe, la sivyo tutawakosa wote wawili. Aliyemsindikiza ni mama mkwe wake, mama mmoja mkimya, kitenge kimefungwa kifuani. Mume sikumwona, na kwa haraka ile ningeanzaje kuulizia habari za mume?

Tukaondoka. Tumeiacha Mbamba Bay nyuma, tumeanza kupanda milima, ukungu unashuka, nikatupia jicho geji ya mafuta. Loo! Mshale umelala chini kabisa. Na asubuhi nilijaza tangi Mbinga! Nikajua tu, yale mawe ya barabara ya Ngumbo yametoboa tangi. Sasa nifanyeje? Nikipanda, mafuta yakaniishia katikati ya mlima pasipo nyumba wala mtandao, Tekla atanifia garini. Nikirudi kutafuta mafuta, muda unapotea, na muda ndio hakuwa nao. Nikapiga dashibodi ngumi, mshale wapi! Nikasimama nigeuze.

Hapo kwenye kona ndipo alipokuwa. Kijana, shati na kaptula, amelowa chapachapa, na barabara ni kavu. Akafungua mlango, akaketi pembeni yangu bila hata kuomba. Hakunisalimu, wala hakumpa Shikamoo yule mama wa nyuma. Nikasema moyoni, huyu kalelewa na nani?

"Usirudi, kaka," akasema. "Mafuta yapo."

"Umeyaonea wapi wewe? Mshale si huo hapo?"

"Boya limekunywa. Shuka ugonge tangi."

Sisi madereva tunaita floti, kile kidude kinachoelea ndani ya tangi na kuupandisha mshale. Boya ni neno la watu wa nyavu. Basi nikashuka, nikajilaza chini ya gari, nikagonga. Tangi tupu hulia kama debe. Langu lilitoa du, zito, limejaa, na ardhini hapakuwa na tone. Jamani, hofu ilikuwa imenitoa akili, maana jambo hilo hata mimi nalijua! Floti ikitoboka inaingiwa na mafuta, inazama, na mshale unashuka nayo hata kama tangi limejaa.

Nikarudi, nikatia gia. Yeye anatazama mbele tu, anatetemeka.

"Boya likizama," akasema polepole, "walio juu wanasema hakuna kitu. Wanazunguka, wanatazama, wanaondoka. Na wewe upo."

Nikamwambia, "Kwani wewe unaitwa..." Hata sijamaliza, yule mama, ambaye tangu Ngumbo hakusema neno, akanikemea kutoka nyuma.

"Dereva! Endesha. Maswali ya nini?"

Nikafyata mkia, nikakanyaga mafuta. Giza lilikuwa linaingia tulipoziona taa za Mbinga. Nikageuka nimwambie kijana tumefika. Hayupo! Mlango haukufunguliwa, nakuapia, na kiti kinachuruzika maji.

Tekla alipasuliwa, mtoto akatoka salama, wa kiume, kelele zake zilisikika hadi getini. Nikamfuata yule mama nje.

"Mama, yule alikuwa nani?"

Akakaa kwenye benchi. "Ni mwanangu. Mume wa Tekla. Ziwa lilimchukua wakati wa masika. Mtumbwi tuliupata, yeye hatukumpata."

"Sasa mbona hukumwita?"

"Marehemu ukimwita jina anaondoka, baba. Angeondoka kabla hajakwambia, ungegeuza gari, na huyu mjukuu nisingemwona." Hapo ndipo alipolia, akaniliza na mimi, mwanaume mzima. "Nimemtazama kisogo mlima wote. Nilitamani hata nimfute yale maji."

Tekla hakuona wala kusikia, uchungu ulikuwa umemziba. Mama mkwe aliniomba nisimwambie mpaka apone kidonda.

Gari nililipeleka kwa fundi Kigonsera, akashusha tangi. Floti aliipasua, ikatoka petroli, si maji ya ziwa kama unavyotarajia niseme. Ilikuwa na kitundu tu. Akaweka nyingine, na mshale sasa unasema kweli. Mimi ndiye sijarudi kuwa yule wa zamani. Kila nikipita kona ile nashusha kioo natoa habari, abiria wanione mwehu wakitaka: mtoto ameota meno, mtoto amesimama.

Nawe unayepita milima ile, ukimkuta mtu amelowa na barabara ni kavu, usimpite. Mpakie. Ila jina usimuulize, na kama nyuma yako kuna mama aliyenyamaza, mwache anyamaze.