Puli ya Shangazi Chebet

Juzi, pale Kedowa, nilimwona fundi akifunga bomba la plastiki ili injini ivute hewa baridi, nikamkumbuka shangazi Chebet. Alasiri moja nilipokuwa mtoto, alikuwa uani kwetu Kimulot, mikono ikinuka grisi, akifunga puli ndogo kwenye supachaja, mashine ya kusukumia injini hewa, ya gari lake.

"Hii itasukuma hewa nyingi ndani, gari ipate pumzi," aliniambia.

Ndani ya nyumba, nyanya alikuwa akihema kwa pumu. Nikauliza, "Na nyanya utamwekea lini?"

Shangazi alimsikiliza nyanya akihema, akakaza nati ya mwisho, akaenda kumbeba nyanya hadi garini. Tulifika hospitali Kericho akiwa bado anapumua.

Leo najua dawa ndiyo iliyomfungua kifua. Lakini Jumapili iliyofuata niliwatangazia watu kanisani kwamba nyanya amewekewa puli, na nyanya mwenyewe akaitikia, "Amina."