Geuza Kwanza, Ndipo Upige Pasi

Jumapili iliyopita nilikuwa napiga pasi jezi ya mwanangu, ile yenye namba mgongoni. Kona ya namba ilichomoza shingoni, pasi ikaigusa kidogo tu, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Nikakaa kitandani. Sikulia, wala sikusikia uchungu wowote. Nilikaa tu, kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata.

Harufu hiyo naijua. Ni ya nyumbani kwetu Kamembe, nilipokuwa na miaka minane. Papa alikuwa na chumba kidogo karibu na soko, akichapa picha za watu kwenye fulana: maharusi, wachezaji, na zaidi ya wote marehemu, maana ndugu zetu wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, hawaendi kuzika bila kuvaa sura ya aliyekufa. Picha ilitoka kwanza kwenye karatasi maalumu, kisha mashine ya moto ikaibandika kwenye nguo. Papa aliipenda karatasi ile kupita kiasi. Mteja akiwa anangoja, alimwonyesha maandishi madogo kwenye pakiti na kumweleza kwamba aliyeivumbua alipewa hataza, hakuna wa kumwibia ujuzi wake.

"Huyu muntu iko na akili," alisema, akijivuna kana kwamba ni shemeji yake.

Maman ndiye aliyekabidhi nguo, na kila mteja alipata onyo lile lile: "Ugeuze kwanza ndani inje, ndio upige pasi. Ukipitisha moto ku sura, inatoka yote." Aliwaambia hata waliokuja mara ya tano. Mimi na dada yangu mkubwa, Aline, tulimwigiza tukicheza, mikono kiunoni.

Aline akaugua homa, akafa wiki hiyo hiyo. Papa alichapa fulana za msiba mwenyewe. Nakumbuka sauti ya mashine ikifunguka na kufungwa, na nakumbuka kwamba nilikuwa na njaa. Zaidi ya hapo sina kitu.

Simu iliyokuwa na picha ya Aline ilipotea baadaye katika msongamano wa mpakani, pale darajani Rusizi ya Pili. Fulana za ndugu nazo zilikwisha moja moja. Shangazi wa Nkanka alilimia yake hadi pua ya Aline ikafutika. Ikabaki ya Maman tu. Aliivaa kila Jumapili na kuifua kila Jumatatu kwa sabuni ya unga, nami kila Jumatatu nilikwenda kwenye kamba kuangalia kama dada yangu bado yupo. Mipasuko ilianzia shingoni mwa Aline, ikapanda. Nilimchukia mvumbuzi yule nisiyemjua. Walimpa hataza ya nini, kama sura ya mtu haidumu hata mwaka?

Siku mpasuko ulipofika mdomoni, Maman alitandika blanketi mezani, akaweka fulana, uso juu. Pasi ya makaa ilikuwa imeshika moto vizuri.

"Maman, geuza kwanza!"

"Wacha, mwanangu. Niko naona."

Akaishusha, akaiacha pale. Alipoinyanyua, Aline alikuwa ameganda kwenye chuma, mweusi, akitoa moshi. Maman akamkwangua kwa kisu, akapangusa pasi, akaendelea na suruali ya Papa. Nilipiga kelele mpaka nikaishiwa. Hakunichapa wala hakunibembeleza.

Papa aliporudi alinusa kabla hajaketi.

"Mama Aline, ulisahau kugeuza?"

"Nilisahau."

Akaomba maji ya kunawa.

Kwa miaka yote nilishikilia kwamba alisahau kweli, na nikamkasirikia kwa kusahau. Jumapili iliyopita, nikiwa pale kitandani, niliitazama jezi mezani. Ilikuwa imegeuzwa ndani nje. Sikumbuki kuigeuza, mikono ilifanya yenyewe, kwa maneno ya Maman. Na mikono ya Maman, iliyofundisha mji mzima, isingesahau. Alikuwa amemzika mtoto wake mara moja. Hakuweza kumtazama akiondoka tena kila Jumatatu, kipande kwa kipande, na mimi nimesimama kwenye kamba nikihesabu kilichobaki.

Fulana hakuitupa. Aliivaa kulalia mpaka ikachakaa, ikiwa na alama ya mraba kifuani. Kila aliponikumbatia akiwa ameivaa, nilikaza mwili mpaka aniachie.