Mfuniko Chini ya Kitanda cha Mashua

Mashua iliingia uani kwetu Gitega ikiwa juu ya trela, mlingoti umelazwa na kufungwa kamba, na majirani wakatoka kucheka. Mashua ya tanga katikati ya Kigali, mtaa mzima wa mabati na hakuna hata dimbwi la kuogea bata. Mume wangu Mutabazi hakujali. Alikuwa dereva wa mradi wa kilimo, na kwa miaka mingi kila Jumapili aliivuta mashua hiyo hadi ziwa Muhazi kwa ajili ya bosi wake, Mbelgiji mmoja mpole. Kwa kuwa mke wa bosi aliogopa maji, Mutabazi ndiye aliyefundishwa kukunja tanga na kushika usukani. Mradi ulipofungwa mwanzoni mwa 1990, mzungu akarudi kwao na kumwachia mashua iwe zawadi ya kuagana.

"Na mimi nimeachiwa nini, Papa Shimwa?" nilimuuliza.

"Chumba cha pili cha kulala," akasema. "Krismasi tutalala ziwani. Wewe, mimi na mtoto."

Chumba chenyewe, pale mbele chini ya mlingoti, kilinuka panya. Ukiingia lazima uiname, na ukishaingia unakaa tu. Mutabazi aling'oa mbao zote zilizooza, akazipiga kuta msasa mpaka nyusi zake zikawa nyeupe kwa vumbi, kisha akapaka rangi ya maziwa ili pale ndani papate mwanga. Meza aliitengeneza kwa plaiwudi, akaifunga ukutani kwa bawaba. Mkimaliza kula mnaiinua, inalala ukutani, na miguu yenu inapata nafasi. Vikombe alivitobolea ubao matundu, kila kikombe na tundu lake, visianguke mashua ikilala ubavu.

Kazi yangu ilikuwa magodoro. Nilikata sponji kwa kisu cha mkate, na la kwanza niliharibu, maana nililikata mraba wakati mashua inabana mbele kama pua ya kiatu. Mutabazi akachukua magazeti, akayatandika juu ya ubao wa kitanda, akayakunja pembeni hadi yakashika umbo, ndipo nikakata upya kwa kufuata magazeti. Nikashona foronya za turubai la buluu na mapazia mawili madogo kama leso. Nilizoea kufanya kazi nimekaa humo ndani, mlango wazi, redio ya jirani ikisikika. Sijawahi kuipenda nyumba yangu kama nilivyokipenda kile chumba.

Redio hiyo ilikuwa ya Habumugisha. Kati yake na sisi palikuwa na ua wa minyaa tu, nao ulikuwa na pengo alilopitia kila jioni. Alikuwa karani wa stoo mahali fulani mjini, mtu wa maneno matamu, na ndiye aliyemsimamia binti yetu Shimwa kwenye ubatizo. Alikuwa na msumeno mzuri na randa. Mutabazi akishika ubao, yeye anakata.

"Iko nafasi inapotea bure hapa," alituambia siku moja, akigonga chini ya kitanda cha kushoto. "Weka sakafu ya pili. Juu yake mfuniko usioonekana, godoro linafunika. Wezi wa kule ziwani wakiingia, hawaoni vyombo vyako."

Mutabazi alisema hana haja ya siri kwa ajili ya masufuria. Habumugisha akacheka, akapima, akakata mfuniko yeye mwenyewe. Ulikaa sawasawa mno. Ili kuufungua ilibidi ubonyeze kona moja, ndipo upande wa pili unyanyuke. Tuliojua kona hiyo tulikuwa sisi watatu.

Kisha Oktoba ikaja na vita kaskazini, waasi wakiingia kutoka Uganda. Risasi zilisikika mjini usiku mmoja mzima, na baada ya hapo watu walianza kuchukuliwa. Waliitwa ibyitso, wasaidizi wa adui. Mutabazi alikuwa na kaka aliyekulia Uganda, na hilo peke yake lilitosha kutufanya tukae ndani tukisikiliza kila gari linalopita.

Askari walikuja asubuhi, Shimwa akinywa uji. Nilidhani wangeanza na nyumba. Hawakuingia. Walikwenda moja kwa moja kwenye mashua, mmoja akapanda, akatupa nje godoro la kushoto na kubonyeza ile kona. Hakupapasa. Hakutafuta. Alibonyeza kona.

Ndani yake palikuwa na masufuria yangu mawili, blanketi na jiko la mafuta ya taa.

"Ni vyombo vya mke wangu, shefu," Mutabazi alisema.

"Leo ni vyombo," askari akajibu. "Jana palikuwa na nini?"

Mume wangu alikuwa anautazama ule mfuniko uliosimama wazi. Nami nilitazama pengo la minyaa. Redio ya jirani ilikuwa kimya.

Walimpeleka uwanja wa mpira pamoja na mamia ya wengine, baadaye gerezani. Nilikwenda kwa Habumugisha kumwomba aje aseme neno, kwamba sakafu ile ni ya sufuria. Mke wake alitoka hadi mlangoni na kusema mumewe amesafiri, huku viatu vya huyo mume viko pale kizingitini. Nilirudi tena, nikajibiwa vilevile. Baada ya wiki chache askari walikuja na gari kuvuta mashua. Aliyewafungulia lango letu, akiwa amelishika lisigonge trela, ni yeye.

"Nimeambiwa niitunze, Mama Shimwa," alisema bila kunitazama. "Isiharibike."

Mutabazi aliachiliwa mwaka uliofuata, mvua za masika zikinyesha. Alikuwa amekonda, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Nilipomweleza habari za lango, alinikatalia. "Labda walimlazimisha," alisema. Nadhani gerezani alikuwa ameshayapanga yote moyoni, akibakiza nafasi moja tu kwamba huenda anamwonea jirani, naye aliishikilia nafasi hiyo kama mtu anayeshikilia kamba. Kwa miezi mingi yeye na Habumugisha walipishana njiani, mmoja akiinamisha kichwa, mwingine akijifanya kutazama saa.

Mwaka 1992, Jumapili moja baada ya misa, Habumugisha akapita lile pengo la minyaa kwa mara ya kwanza tangu askari waje. Alikuwa amevaa vizuri. Alisimama katikati ya ua, palepale trela ilipokuwa.

"Mutabazi," alisema, "mashua iko Muhazi. Nawatembeza watu siku za Jumapili, na familia zao. Lakini siku hizi imekuwa nzito, inageuka polepole. Nimepaka puti ya kuziba nyufa kila mahali. Wewe unaijua."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mutabazi alivuta kigoda, akakikalia yeye mwenyewe.

"Kwa nini ulinichongea?"

"Walianza kwangu. Waliuliza kwa nini naingia kwako kila jioni, tunatengeneza nini. Nilikuwa na watoto ndani."

"Ukawaambia nini?"

"Kwamba ulitaka mahali pa kuficha vitu."

"Wewe ndiye uliyeukata mfuniko."

"Ndiyo maana nikasema hivyo," Habumugisha akajibu, taratibu, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida.

"Na mashua nayo?" nikamuuliza mimi. "Uliichukua kwa woga pia?"

Mutabazi alitazama vidole vyake, kisha akaanza kusema kwa sauti ileile aliyotumia zamani akimwelekeza Habumugisha aliposhika msumeno.

"Maji yanakaa chini ya sakafu ya pili. Hayaonekani, hayana pa kutokea. Ng'oa sakafu yote, mfuniko na mbao zake, uache wazi mpaka chini. Kabla hujaing'oa usipakie mtu."

"Utakuja kunionyesha?"

"Nimeshakuonyesha. Sasa toka kwangu."

Alipokwisha kupita lile pengo nilimgeukia mume wangu. Nilimuuliza kwa nini amemsaidia mtu yule, kwa nini hakuiacha izame naye.

"Haitazama naye peke yake," alisema. "Watazama watoto wa watu."

Lakini hasira haikuniisha, na mpaka leo haijaisha. Angekuwa mwizi tu, ningelilia mali. Huyu alikula kwangu, akambeba mwanangu mbele ya padri, kisha akawaelekeza watu kona ya kubonyeza.

Kabla mwaka haujaisha tulihama. Tulipakia vitu kwenye pikapu, tukapita njiapanda ya Sonatubes, tukapanga nyumba huku Kicukiro, upande mwingine wa jiji. Mutabazi anaendesha lori la unga. Tunaishi vizuri na majirani, tunasalimiana, lakini hakuna anayejua ndani kwetu kukoje.

Jambo moja tu linanisumbua. Zamani Mutabazi alikuwa hawezi kupiga msumari bila kunieleza wiki nzima atakavyoupiga. Mwezi uliopita nilirudi kutoka sokoni nikakuta jikoni kabati ambalo sikuwa nimelisikia wala kuliona likiundwa, limepakwa vanishi, milango inafunguka vizuri.

"Umelitengeneza lini?" nikamuuliza.

"Polepole," akasema, akaendelea kunawa mikono.