Pamba Kwenye Chujio la Ngeleja

Ngeleja wa Somanda, pale Bariadi, alikuwa fundi, hilo hata wasiompenda walilikubali. Tatizo lake lilikuwa moja: kitu akikibuni yeye, kwake kimeshakuwa sheria. Ungeweza kumwambia kwamba nyumba yake imepinda, akacheka. Umwambie kwamba alichobuni hakifai, hapo mmeshagombana.

Injini alijifunzia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, alikokuwa dereva kwa miaka mingi. Landrova yake ya dizeli aliikuta imetupwa nyuma ya bohari, nyasi zimeota hadi kwenye usukani. Akaivuta kwa ng'ombe mpaka nyumbani, mji mzima ukimcheka. Siku alipoiwasha ikawaka, walewale waliocheka wakaanza kuomba lifti.

Sasa, hii ilikuwa ile miaka ya baada ya vita vya Kagera, ambapo ukiingia dukani unaambiwa "hakuna" kabla hujasema unataka nini. Sabuni hakuna, sukari hakuna, na chujio la dizeli ndiyo usitaje kabisa. La Ngeleja lilipochakaa, akaenda zake shambani, akachuma pamba nyeupe, akaitoa mbegu kwa mkono, akaishindilia ndani ya kopo la chujio. "Nchi nzima inavaa pamba yetu," akamwambia mkewe, Kwandu, "halafu mimi nikose chujio?" Gari likaenda. Basi hapo akawa hakamatiki! Kila dereva aliyesimama Somanda alihubiriwa habari za pamba, na wengine, masikini, wakaiga.

Mwaka huohuo mama mkwe wake, Bibi Nyamizi, akaletwa kutoka Shishiyu. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alichoona ni mwanga wa mlangoni tu. Habari zilikuwa zimefika kwamba madaktari wa macho wanakuja hospitali moja ng'ambo ya Lamadi. Mwisho wa kuandikisha wagonjwa ni Jumapili, kesho yake wanaanza kupasua, kisha wanaondoka, na watarudi lini, Mungu ndiye ajuaye. Basi la abiria lilikuwa juu ya mawe kwa kukosa matairi. Na gari la mtu binafsi, kwa amri ya siku zile ya kubana mafuta, likikutwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, mwenyewe ana kesi. Kwa hiyo ni Jumapili asubuhi, au bibi abaki gizani.

Jumamosi asubuhi Ngeleja akawasha gari kulijaribu. Likawaka, likatetemeka, likakohoa, mlio ukapanda ukashuka. Akikanyaga mafuta, ndiyo kwanza linanywea. Akalitoa mpaka kwenye kimlima cha jirani, likashindwa, akarudi nalo kwa kusukumwa.

"Khatibu!" akafoka. "Khatibu ameniuzia maji!"

Khatibu alikuwa mwenye duka jirani, Mzaramo aliyehamia Bariadi zamani, na ndiye aliyempatia pipa la dizeli. Ngeleja akamwendea moja kwa moja hadi kwenye kaunta. "Wewe Mzaramo, umenitilia maji kwenye mafuta!"

Watani hawa walitukanana kila siku ya Mungu, lakini Khatibu aliona kwamba leo mwenzake hatanii. Akachukua chupa nyeupe, wakaenda wote kwenye tangi, wakakinga dizeli, wakaiweka juani itulie. Maji yangekuwemo yangeshuka chini, yakajitenga. Wakangoja wee, dizeli ikabaki rangi moja juu hadi chini.

"Haya," akasema Khatibu, "maji yako wapi? Au yamekuogopa?"

"Nisamehe, bwana."

"Sikusamehe mpaka gari litengemae. Shika spana."

Wakaanza na upepo, maana hewa ikiingia kwenye mabomba ya dizeli injini hukohoa vivyo hivyo. Ngeleja akalegeza skrubu ya kutolea upepo, Khatibu akapiga pampu ya mkono. Mafuta yakatoka bila povu hata moja, ila yalitoka kwa unyonge. Wakahamia kwenye nozeli, zile zinazopuliza mafuta ndani ya silinda. Injini ikiwa inanguruma, Ngeleja akawa analegeza nati ya bomba la silinda moja, anasikiliza, anaikaza, anakwenda ya pili. Silinda nzima ukiinyima mafuta, mlio unabadilika palepale. Iliyokufa haina habari. Zote nne zilibadilika.

"Zote zinafanya kazi," akasema Ngeleja, "na zote zina njaa."

"Basi chakula hakifiki," akasema Khatibu. "Hebu fungua hilo kopo lako la pamba."

"Kopo halina shida. Limechuja tangu masika."

"Ndiyo maana nasema ulifungue."

"Khatibu, tusiingiliane!"

Akafungua nozeli badala yake. Akaziosha, akazipuliza, akazirudisha. Khatibu akaenda zake kuswali alasiri, na injini ilipowashwa ikakohoa vilevile.

Bibi Nyamizi alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya ukuta wa jiko, anasikia yote. Hapa inabidi ujue kwamba kwao Wasukuma mwanamume na mama mkwe wake hawakabiliani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Hawali pamoja wala hawatazamani usoni. Lakini tangu macho yafungike, bibi alikuwa amelegeza. "Simwoni," alisema, "nitamkwepaje?" Kila kulipokucha alimsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," naye anaitika, "Mwangaluka, mayu," yaani mama, kisha anachuchumaa hapo karibu wanaongea habari za mvua na ng'ombe. Ngeleja alifiwa na mama yake akiwa bado ananyonya. Asubuhi hizo alizipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Baba," bibi akasema sasa, "acha tu. Limekataa. Mimi giza nimeshalizoea, usijiue kwa spana."

Maneno hayo yalimchoma Ngeleja. Alijua kimebaki kitu kimoja ambacho hajakifungua, na alijua ni kwa nini. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Akachukua spana, akafungua kopo.

Pamba haikuwa pamba tena. Ilikuwa imekuwa donge jeusi, gumu, na nyuzi zake zilikuwa zimesafiri kwenye bomba mpaka kwenye kichujio kidogo cha waya mdomoni mwa pampu, zikaziba kabisa. Akaomba sindano, akaanza kuzichomoa. Zinakuja tu, haziishi.

"Lahaula!" Khatibu alikuwa amerudi, amesimama nyuma yake. "Msukuma, umeifumia pampu sweta!"

Ngeleja akacheka, hakuwa na la kufanya. "Na wale niliowafundisha, sijui wako wapi saa hizi."

"Wako njiani wanasukuma. Sasa utachujia nini?"

Kilitakiwa kitambaa kizito kisichotoa nyuzi, na nguo mwaka ule ilikuwa ya kupanga foleni. Ngeleja akafikiria suruali yake ya kaki, ile ya Sabasaba, aliyoilaza chini ya godoro ili isikunjamane. Kabla hajamaliza kufikiria, Kwandu alikuwa ameshaitoa na mkasi mkononi. Wakakata mguu mmoja, wakaufua, wakaukausha juu ya jiko, wakauzungushia kwenye kiunzi cha waya cha chujio la zamani, wakafunga, wakatoa upepo. Ngeleja akawasha. Injini ikatikisika kidogo, ikashika mlio mmoja, ikatulia nao. Kwandu akapiga vigelegele.

Jumapili waliondoka mapema. Bibi alikaa mbele, pembeni ya mkwewe, Kwandu nyuma na mizigo. Njia nzima ilikuwa, "Na hapa ni wapi, baba?" Naye anamsimulia: ng'ombe wanavuka, pamba ya fulani imestawi, lile sasa ziwa, mayu, tumefika Lamadi. Saa nane iliwakuta hospitalini, jina la bibi limeshaandikwa. Ngeleja akalala kulekule, Jumatatu akarudi peke yake.

Siku ya kuwachukua aliwakuta barazani. Bendeji zimetolewa, bibi amemshika Kwandu kidevu, anamwambia, "Ee, mwanangu, umezeeka!" na wote wanacheka. Ngeleja alijisahau. Akapanda ngazi mbio, "Mwangaluka, mayu!"

Bibi akageuka. Akamtazama, uso wote, hadi miguuni na kurudi. Kisha akavuta kitenge, akajifunika, akampa mgongo.

"Kwandu," akasema polepole, "mwambie mume wako kwamba naona."

"Amesikia, mama."

"Mwambie nashukuru sana. Na amekonda, umpikie."

Kurudi, bibi alipanda nyuma na binti yake. Injini ilikwenda vizuri, haikukohoa hata mara moja, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Ngeleja alifurahi, haki ya Mungu alifurahi, na machozi yakamtoka hakuyafuta. Walipokaribia ziwa alimsikia bibi huko nyuma akipaza sauti, "Kwandu, ona maji yale! Ona!" Akapunguza mwendo, ili bibi aone vizuri.