Valmai, Mshika Kondoo wa Shule ya Mangarata

Mwalimu mkuu, Bi Huhana, ameniomba niandike habari za mke wangu, ziingie kwenye kitabu cha shule kutimiza miaka mia. Nilimwambia mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikaenda kukamua ng'ombe. Akasema, "Mzee Des, andika unavyoongea." Basi naandika.

Valmai alifagia madarasa ya shule hii miaka thelathini na miwili. Lakini watu wa bonde hawamkumbuki kwa ufagio. Wanamkumbuka kwa Siku ya Wanyama.

Siku hiyo huwa Oktoba, baridi ya kwetu huku ikiisha, majani yakiwa yameshaota na mvua haijaacha. Watoto huleta wanakondoo na ndama waliowalea wenyewe. Wanapimwa kwa afya ya mnyama, kwa kumwongoza kwa kamba, na kwa kumwita; mwenye alama nyingi hupata kikombe cha ushindi. Kuita ndiko watu wanakokuja kutazama. Mtoto anasimama upande mmoja wa uwanja, chupa ya maziwa mkononi. Upande wa pili, hatua ishirini, mtu mzima amemshika mwanakondoo wake. Mtoto anaita, yule mtu anafungua mikono, basi. Mwanakondoo akikimbilia kwa mtoto, mtoto ndiye aliyemlisha. Akikimbilia kwa mama mtu aliyesimama kwenye uzio, kila mmoja anajua chupa ilikuwa mkononi mwa nani, na watu wanacheka mpaka mama yule anakwenda kujificha kwenye meza ya chai.

Valmai alishika wanakondoo miaka arobaini na mmoja. Watu hudhani kushika si kazi. Ukimbana sana, ukimwachia anakimbia ovyo. Ukimlegeza, anaponyoka kabla hajaitwa. Yeye aliwaweka katikati ya magoti, mikono kifuani pao, akingoja mpaka moyo wa mnyama utulie. Wakati wa kumwachia alifungua mikono na hakugusa tena. Kugusa ni mwiko. Akiguswa, ameletwa, hajaja mwenyewe.

Mimi ndiye niliyekuwa mwamuzi wa kuita. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema ninapendelea.

Mwaka wa mwisho Valmai alikuwa mgonjwa. Ilikuwa kwenye ini, na daktari alishasema hakuna la kufanya. Kila Alhamisi shule hutoa karatasi ya habari, naye alikuwa akinisomea mezani. Alhamisi moja ya Septemba alisoma habari za kupanda viazi, za chawa darasa la pili, kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Karatasi ilisema: Siku ya Wanyama, mshika kondoo atatangazwa.

Alivaa koti juu ya gauni la kulalia. Nikampeleka kwa gari. Aliingia ofisini kwa Bi Huhana na mabuti ya matope.

"Mwalimu, nimekufa?"

"Hapana, Bi Valmai. Karibu ukae."

"Sikai. Kama sijakufa, huyo anayetangazwa ni nani?"

Bi Huhana aliniangalia mimi. Mimi niliangalia dirisha.

"Tulitaka upumzike, Bibi."

"Nitapumzika sana tu. Andika jina langu."

Likaandikwa Alhamisi iliyofuata.

Sasa nieleze habari za Rhealyn. Alikuwa na miaka tisa. Watu wake ni Wafilipino. Baba yake, Nestor, anakamua ng'ombe kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila Juni mosi wakamuaji wengi wa hapa hufunga mizigo wakahamia shamba jingine. Shule yetu ilikuwa ya nne kwake. Wasiokuwa na shamba hawana kondoo, kwa hiyo Valmai alikuwa akilea wanakondoo yatima wa mashamba ya jirani, akiwapa watoto wa namna hiyo. Mwezi wa nane alimpa Rhealyn mmoja aliyeokotwa kwenye barafu, ulimi baridi, hawezi kusimama. Rhealyn akamwita Bulak. Kwa lugha ya kwao ni pamba.

Mwanakondoo alikuwa dhaifu mno kupelekwa kwa kina Rhealyn. Alikaa jikoni kwetu kando ya jiko, ndani ya boksi, wiki tano. Rhealyn alikuja kila siku akitoka shule kumpa chupa. Lakini chupa ni nne kwa siku, na zile tatu alizitoa Valmai. Hakuwa analala vizuri. Nilikuwa nikiamka namkuta kwenye kiti, kondoo mapajani.

Nikamwambia, "Unamharibu huyo."

"Namharibu, au namponya?"

"Atakujua wewe. Hatamjua mtoto."

"Apone kwanza, Des. Ya kujuana baadaye."

Hilo lilikuwa kosa, na yeye alilijua kuliko mimi. Alikuwa amewafokea kina mama wa bonde hili miaka yote kwa kosa hilo hilo.

Siku moja Rhealyn alikuwa anamlisha, Valmai anamenya viazi. Mtoto akauliza, "Bibi, kwenye kikombe cha ushindi wanachonga jina kweli?"

"Wanachonga."

"Na ukihama, wanalifuta?"

"Nani afute? Kikombe nakisugua mimi, ningeona."

Mtoto akafikiri. "Shule zote nilizosoma, hakuna mahali nimeandikwa," akasema. "Nikishaondoka ni kama sikuwepo."

Valmai aliendelea kumenya mpaka kiazi kikabaki kama yai. Toka siku hiyo nilijua anachokitaka. Hakuniambia, lakini nimeishi naye miaka hamsini na mitatu.

Bulak alipopata nguvu, zikiwa zimebaki wiki tatu, alikwenda kwa kina Rhealyn. Valmai alijikataza kumwona. Wakija naye kuchukua maziwa ya unga, yeye anajifungia chumbani, asinuswe wala asisikike. Nilikuwa nasimama mlangoni namwambia, "Wameshaondoka," naye anatoka.

Siku yenyewe ilikuwa na jua na upepo wa baridi kutoka mlimani, theluji bado juu. Watoto wadogo walikuwa wamepanga ukumbini visahani vya mchanga walivyopamba kwa maua, navyo hushindanishwa. Baba mmoja alikuwa akichoma soseji. Valmai hakuweza kupiga magoti, kwa hiyo alikalia ndoo iliyopinduliwa. Wanakondoo ishirini na sita. Alishika mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyekimbia ovyo. Nilikuwa nimesimama pembeni, kati yake na watoto, kadi ya alama mkononi. Kila alipopita mmoja nilimwona mke wangu anapungua. Uso ulikuwa wa njano. Nilikwenda mara moja kumuuliza kama inatosha.

"Rudi mahali pako," akasema. "Mwamuzi haongei na mshikaji."

Bulak alikuwa wa ishirini na nne. Hadi hapo aliyekuwa anaongoza ni mtoto wa Lindsay Prouse, jirani yetu mwenye kondoo elfu mbili na mdomo mkubwa kuliko shamba. Lakini Rhealyn alikuwa amepata alama zote kwenye kumwongoza, na mnyama wake alikuwa na afya. Bulak akikimbia tu, kikombe ni chake.

Valmai alimpokea. Nikaona mnyama anavyojilaza kwake mara moja, shingo juu ya mkono wake. Nadhani hapo ndipo Valmai alipojua kwamba hatamwacha.

Rhealyn akaita. "Bulak! Njoo! Bulak!"

Valmai alifungua mikono. Mwanakondoo hakutoka.

"Bulak! Njoo, Bulak!"

Sauti ilikuwa nzuri, haitetemeki. Mwanakondoo aligeuza masikio tu. Ndipo nikaona goti la Valmai. Goti la upande wa mbali nami, chini ya koti. Lilisukuma koti kidogo, kama unavyosogeza mlango. Bulak akashtuka, akaruka mbele, na akishakuwa mbele akamwona Rhealyn na chupa, akakimbia moja kwa moja. Watu wakapiga makofi. Nestor alirusha kofia.

Nilinyosha mkono juu.

Makofi yakakatika. "Ameguswa," nikasema. "Arudie."

"Ameguswa na nani?" Lindsay akapaza sauti kutoka kwenye uzio, ingawa mwanawe ndiye angefaidika. "Des, nenda kapime macho, bwana! Mama wa watu amekaa kwenye ndoo tu!"

"Arudie," nikasema.

Bado mkono ulikuwa juu. Sijui kwa nini sikuushusha. Valmai aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo naye, si kabla wala baada.

Wakamrudisha Bulak. Safari hii Valmai alipofungua mikono aliinua yote miwili mpaka usawa wa masikio, viganja nje, kila mtu aone. Rhealyn akaita. Sasa sauti ilikuwa inatetemeka. Mwanakondoo aligeuka, akaingiza kichwa ndani ya koti la Valmai, akaanza kutafuta chupa. Wengine wakacheka, maana huwa tunacheka. Wakaacha. Rhealyn aliendelea kuita mpaka dakika moja ya kuita ikaisha na kengele ikagongwa. Valmai hakushusha mikono mpaka kengele.

Mtoto alikuja, akafunga kamba, akaondoka na kondoo wake nyuma ya ukumbi, hakumwangalia mtu. Valmai alitaka kumfuata, miguu ikakataa. Nikaenda kumwinua, nikampa mkono.

"Siyo wewe," akasema. "Lindsay! Njoo uniinue."

Lindsay akaja. Alimshika kama kikapu cha mayai na kwa mara ya kwanza maishani hakusema kitu. Wawili waliobaki walishikwa na Bi Huhana. Mmoja alimponyoka akaenda kula maua ya visahani.

Kikombe kikaenda kwa mtoto wa Lindsay. Kadi nilisaini mimi.

Kwenye gari, tulipofika njia panda, Valmai akasema, "Simama kwa Nestor."

Nyumba ya wakamuaji iko kando ya zizi. Rhealyn alikuwa amekaa kwenye ngazi, macho yamevimba, Bulak anakula majani miguuni pake. Valmai alishusha kioo. Kushuka hakuweza.

"Rhealyn, mwanangu. Kondoo wako hana kosa, na wewe huna. Nilimlisha mno. Halafu nikamsukuma, nikakuaibisha mbele za watu."

"Najua, Bibi. Nilikuona."

"Ulikuwa mbali. Uliona nini?"

"Hajawahi kuruka vile. Anaruka vile nikimkanyaga."

"Na ukanyamaza?"

Mtoto aliangalia chini. "Nilitaka kikombe."

Valmai akacheka. Alicheka mpaka akakohoa na nikamshika mgongo, na safari hii aliniachia nimshike.

"Na mimi nilikitaka," akasema. "Basi sisi wezi wawili tumekamatwa na huyu."

Rhealyn aliniangalia mimi, hakucheka. Sikumlaumu. Akamwinua Bulak, ambaye alikuwa mzito sasa, akamleta dirishani ili Valmai amguse.

Nyumbani nilimvua mabuti. Nikamuuliza kama amekasirika.

"Nilidhani macho yako yameisha," akasema. "Nilitumia goti la upande usioona."

"Ulitaka niache?"

"Nilitaka usione. Kuacha ni kitu kingine. Ungeona ukaacha, ningelijua usoni mwako, na kwa siku nilizobaki nazo nisingependa kuuona uso huo."

Nikamwekea mto. Akasema tena, "Ila mkono, Des. Kwani nilikuwa ng'ombe wa mnada?"

Nilimletea chai, akanywa nusu.

Alifariki siku ya kumi na tatu baada ya hapo, asubuhi, mvua inanyesha. Bi Huhana alifunga shule nusu siku. Watoto walikuja kaburini na mabuti ya mpira, na wengine na wanakondoo wao, maana hakuna aliyewakataza. Rhealyn alikuja na baba yake. Juni walihama, kusini huko.

Nimesikia yanayosemwa. Wapo wanaosema mzee yule alimwaibisha mke wake anayekufa kwa ajili ya alama za kondoo. Wapo wanaosema Valmai alikuwa akisukuma miaka yote, ila hakuna aliyetazama. Hilo la pili ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Nilimtazama miaka ishirini na saba nikiwa mwamuzi. Aligusa mara moja, siku hiyo, kwa ajili ya mtoto huyo, na sababu nimeieleza.

La kwanza siwezi kulikana lote. Kurudia ilikuwa lazima, na ingetokea leo ningesema tena arudie. Lakini kutoka niliposimama hadi kwenye ndoo ni hatua kumi. Miguu yangu ilikuwa mizima. Ningeweza kuzitembea, nikainama, nikamwambia sikioni, "Mama, umegusa," naye angesema mwenyewe kwa sauti yake, "Nimegusa, arudie." Angesema. Namjua. Badala yake nilisimama mbali na kunyosha mkono, watu wote wakaona.

Hatua kumi. Sikuzitembea.