Panya Waliokufa Hawahesabiwi

Kwa miaka sita nilikamata panya kwa mshahara, na mama mkwe wangu hakuweza kuwaambia wageni wake kazi ninayofanya. Alikuwa akisema, "Yuko kwenye mambo ya afya," kisha anawahi kukaribisha chai. Hakudanganya. Mradi wetu, uliokuwa na ofisi Kasese mjini juu ya duka la magodoro, ulitaka kujua kwa nini tauni huja katika vilima vyetu, ikaondoka, ikanyamaza miaka mingi hata watu wakaisahau, kisha ikarudi.

Kila mwezi nilipanda bodaboda na masanduku yangu ya bati hadi vijiji vya juu ya Bwera, kutoa elimu ya tauni na kutega panya. Niliweka karanga za kusaga ndani ya kila sanduku, na asubuhi nikapita kuona nani ameingia. Panya aliyeingia alipimwa uzito na urefu wa mkia, kisha akachanwa manyoya kwa kichana kidogo mpaka viroboto wake wakaanguka katika beseni jeupe, nao wakahesabiwa. Sijaona mtu wa vijiji vile akishughulikiwa kwa makini namna hiyo.

Katika kimoja cha vijiji hivyo aliishi shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mjane mwenye nyumba ya udongo na mabati na mahindi yaliyofungwa juu darini. Mwaka wa kwanza mkuu wa mradi alikwenda kumhoji, mimi nikiwa mkalimani.

"Muulize, tauni ya mwisho ilikuja mwaka gani?"

"Mwaka nilipokuwa namnyonyesha wa tatu," shangazi akajibu.

"Huyo alizaliwa lini?"

"Wakati wa kuvuna."

Mkuu akaandika: Hajui.

Shangazi hakukata tamaa. Alimweleza pole pole, kama anayemfundisha mtoto njia ya kisimani. Kwanza linakuja jua kali, halafu mvua nyingi. Mahindi yanajaa ndani. Panya wanazaa hadi wanatembea mchana kama wenye nyumba. Kisha siku moja dari inakuwa kimya. Unamkuta mmoja amekufa kando ya jiko, mwingine mlangoni. Hapo hulali tena ndani. Unahamia kwenye migomba, unangoja.

"Anangoja nini?" mkuu akauliza.

"Nangoja waliobaki ndani waanze kuugua," akasema shangazi.

Mkuu akaandika: Jamii ina imani za kienyeji kuhusu panya.

Mimi nilikuwa nimelelewa na imani hizo. Nilikuwa na miaka kama saba tulipohamia kwenye migomba, na nakumbuka nilivyofurahi, nikidhani ni sikukuu. Lakini sasa nilikuwa na fulana na kofia ya mradi na cheo cha Msimamizi wa Mitego. Nilimuuliza mkuu mara moja tu, "Nikimkuta panya amekufa njiani?"

"Huyo hatukumtega," akasema. "Fomu ni ya panya walio hai. Tukianza kuandika panya ambao hatukuwatega, utafiti wote utaharibika."

Nikaona yuko sahihi. Mtu mwenye kofia haoni shida kukubali mambo.

Mwaka wa sita jua lilichoma kila kitu, kisha mvua zikaja kama zimefunguliwa. Mahindi yakajaa. Mitego yangu ikajaa pia, miezi mitatu mfululizo, mpaka nikakosa masanduku. Halafu mwezi mmoja nikaikuta mitupu. Yote. Nikaandika sifuri, sifuri, sifuri.

Mkuu alifurahi sana. Mchoro wake, uliokuwa ukipanda kama mlima, sasa uliporomoka. Aliita semina katika hoteli moja Kasese, akauonyesha ukutani. "Hii ndiyo elimu ikifika kwa jamii," akasema, na tukapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wengine, kwa sababu sifuri zile zilikuwa zangu.

Tulikuwa tunakula kuku wa semina simu yangu ilipoita. Ni shangazi.

"Mwanangu, huku panya wameisha."

"Tumeona, Shangazi. Ndiyo tunasherehekea."

"Mnasherehekea? Nimefagia maiti za panya tangu asubuhi. Nimeshahamia kwenye migomba, chini ya turubai. Waambie hao wakubwa wako walete dawa ya viroboto, kabla hawajahamia kwetu."

Nikampelekea mkuu habari. Alitafuna kwanza. Akasema wiki ijayo wageni waliosaidia mradi watakuja kupiga picha katika kijiji cha mfano, na kijiji hicho ni kile kile cha shangazi. Mwanamke anayeishi chini ya turubai hatapendeza pichani. "Wewe ni wa familia," akaniambia. "Nenda umrudishe ndani."

Nilimkuta shangazi anapika chini ya migomba. Mpangaji wake, mama mmoja Mkongomani muuza mawese kutoka upande wa Butembo, naye alikuwa amehama na madumu yake yote. Nyumba tatu nne za jirani zilikuwa zimewafuata. Mmoja wa waliohama alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, mwenye kahawa nzuri kuliko wote pale kilimani.

"Shangazi, hii ni aibu," nikasema. "Rudi ndani."

"Ingia wewe kwanza."

Basi nikaingia. Niliwashika mikia panya waliokufia ndani nikawatupa nje, nikafagia, nikatandika mkeka, nikatangaza kwa sauti kwamba nitakaa humo mpaka wageni wafike, ili kila mtu aone hakuna hatari. Shangazi alikataa kukanyaga kizingiti. Sahani yangu aliisukuma mlangoni kwa mti, kama anayemlisha mbwa mkali.

"Papa," yule mama wa mawese akaniita kutoka mbali kwa Kiswahili cha kwao, "panya beko banakufa, na wewe uko unalala mu nyumba yabo? Batu ba masomo beko namna gani?"

Nilimcheka. Vifundo vya miguu viliwasha, nikajikuna. Jioni ya siku ya pili mzee wa kanisa alipita, akaniona nimekaa kwenye kiti ndani, kofia kichwani.

"Kwa hiyo ni salama?" akauliza.

"Salama kabisa, mzee."

Akawaita watu wake, wakabeba mikeka yao, wakarudi nyumbani.

Siku ya nne, siku ya wageni, niliamka natetemeka, kichwa kinapasuka. Nilitoka nje nikichechemea. Mama wa mawese alikuwa anafunga madumu.

"Papa, sababu gani unatembea kama bata?"

"Malaria."

"Malaria inakaa ku kichwa. Haikalaka mu paja." Alinisogelea, akanitazama nilivyoshika kinena. Mtoki ulikuwa umevimba kama yai. Uso wake ukabadilika. "Hii ni pesti, ile munaita tauni. Kwetu tunaijua. Mama! Mama, ita piki!"

Wakanipakia kwenye bodaboda, dereva mbele, mimi katikati, mama wa mawese nyuma akinishikilia nisianguke. Tulishika barabara ya kwenda Kisinga, kwenye hospitali ya misheni. Njiani tukakutana na magari matatu meupe ya wageni wetu yakielekea Bwera. Mkuu alishusha kioo akanipungia mkono, akitabasamu. Alidhani nimekuja kuwapokea. Nami, Mungu anisamehe, nikapunga.

Hospitalini muuguzi hakuniuliza mwaka wala jina la kijiji. Aliniuliza kwanza, "Nyumbani panya wamekufa?" Miaka sita, na fomu yetu haikuwa na swali hilo.

"Wamekufa," nikasema.

"Unafanya kazi gani?"

Mama wa mawese akajibu badala yangu: "Ni mukubwa wa panya."

Sindano zilianza hapo hapo. Siku mbili sikujua niko wapi. Niliogopa kufa, na zaidi niliogopa mama mkwe ataeleza vipi kifo changu. Siku ya tatu homa ilishuka. Shangazi alikuja na uji, akaniambia habari nilizostahili kuambiwa: mzee wa kanisa aliugua siku moja na mimi. Alidhani ni malaria. Alifia njiani, akiletwa.

Wapuliza dawa walifika kijijini wiki hiyo. Mkuu naye alikuja kuniona, na fomu mpya mkononi, maana sasa nilikuwa mgonjwa rasmi.

"Je, mgonjwa alipata elimu ya tauni kabla ya kuugua?" akasoma.

"Niliitoa mimi."

Akafikiri kidogo, akatia alama kwenye Ndiyo. Kwenye semina iliyofuata, naambiwa, alionyesha safu mpya ya panya waliokutwa wamekufa, akaiita ubunifu wa mradi. Shangazi alialikwa. Akajibu kwamba anayetaka kumsikiliza anajua nyumba yake ilipo. Hakuna aliyepanda kilima.

Mimi kazi niliiacha. Nilipopata nguvu nilipanda kwenda kwa mjane wa mzee. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya utaalamu, kuhusu viroboto na mvua. Aliniletea kiti, akakaa chini mbele yangu.

"Siku ile ulipomwambia ni salama," akasema, "hukujua?"

Ningeweza kumwambia sikujua. Fomu zote zingekuwa upande wangu.

"Nilijua, mama," nikasema. "Nilijua tangu utotoni."

Mjane akatazama wingu lililokuwa linashuka kutoka Rwenzori, na kahawa ya marehemu iliyotandazwa juu ya turubai uani.

"Inuka basi," akasema. "Shika ule upande mwingine wa turubai, tuiingize kahawa kabla mvua haijanyesha."